Raiza ya Bei Kali na Mtamba wa Baba Kwamboka

Juzi nimepokea tena ule ujumbe wa sauti. Safari hii ulitoka kwa kijana mmoja wa Kebirigo, na nyuma yake nilisikia kuku na redio. "Madam Bosibori," anasema, "sema ukweli tu. Raiza ya bei kali inasaidia mtu ama ni ya kupiga nayo picha?" Kabla sijamaliza kusikiliza, mwingine akatuma picha ya raiza nyekundu inayong'aa, na chini yake ameandika, "Hii ndiyo siri yao." Siri ya nani, hakusema.

Vijana wangu, nimestaafu. Nilidhani kustaafu ni kukaa barazani kwangu hapa Ekerenyo, kuchuma chai kidogo asubuhi na kunywa nyingine mchana. Kumbe ni kujibu swali moja kila wiki. Basi leo nimekaa chini niandike, msome wote kwa pamoja, na atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa hapa. Mvua imeanza kugonga mabati, kwa hivyo hata nikitaka kukimbia kazi hii sina pa kwenda.

Kwa yule aliyeingia klabuni wiki hii na bado anaona aibu kuuliza, raiza ni kile kipande cha katikati cha upinde wa michezo, pale unaposhika. Bawa moja hufungwa juu yake na jingine chini, kisha uzi. Mabawa ndiyo yanayojikunja na kuusukuma mshale. Raiza yenyewe haisukumi kitu. Kazi yake ni kutulia tu. Watu hulipa pesa nyingi sana ili kitu kitulie, na mkinivumilia nitawaeleza kwa nini si wote ni wajinga.

Mimi nilikuwa mwalimu wa michezo. Niliajiriwa kufundisha netiboli, na netiboli ndiyo niliyoijua. Nikiwa Nyamache, mgeni mmoja aliyekuwa akijitolea pale shuleni alirudi kwao akaacha pinde za mbao kwenye stoo. Mwalimu mkuu akaniita akaniambia, "Wewe ni wa michezo, tafutia hivi vitu kazi kabla havijaliwa na mchwa." Hivyo ndivyo nilivyoingia. Hakuna aliyeniuliza kama napenda.

Shabaha za kununua hatukuwa nazo. Tulichukua magunia tukayajaza majani makavu ya migomba, tukayakanyaga mpaka yakawa magumu kama godoro la bweni, tukayashona. Mpaka leo naona ni shabaha nzuri kuliko zile za povu, maana zikitoboka unaingia shambani unajaza upya. Mzazi mmoja alikuja mbio akiwa na hasira. "Mwalimu, mnafundisha watoto vita?" Nikampa upinde ajaribu. Alikosa gunia, akakosa na ukuta uliokuwa nyuma ya gunia. Wiki iliyofuata alirudi, na iliyofuata pia, mpaka mkewe akaja kuniuliza kama ninamlipa.

Tatizo letu kubwa halikuwa pinde. Lilikuwa jembe. Mtoto wa huku ameshika jembe tangu akiwa mdogo, na kitu chochote chenye mpini ukimpa atakikamata hivyo hivyo, vidole vyote vitano, kwa nguvu, mpaka mishipa isimame. Ukikamata upinde namna hiyo, mshale ukiondoka unausokota upinde bila kujua, na mshale unakwenda kwa jirani. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipiga hivyo na kuwafundisha hivyo. Aliyeniokoa ni Kocha Mutua.

Mutua ni mtu wa Machakos, mrefu, mpole, akicheka hatoi sauti bali mabega ndiyo yanayotikisika. Nilikutana naye kwenye mafunzo ya makocha Nairobi. Aliniambia nipige mshale, na wakati wenzangu wote walikuwa wakiangalia shabaha, yeye aliangalia mkono wangu. Akauliza, "Mwalimu, unalenga ama unalima?" Niliona aibu, lakini nikacheka, na tumekuwa marafiki tangu siku hiyo. Alinifundisha kuusukuma upinde kwa ule mto wa nyama ulio chini ya kidole gumba na kuviacha vidole vingine vimelala tu, kama vya mtu aliyesinzia.

Kusema ni rahisi. Kumfanya mtoto wa Gusii aviache vidole vilale ni kazi. Ndipo nilipovumbua zoezi langu la jani, ambalo nyote mnalichukia. Unachuma chai mbichi, majani mawili na chipukizi, kama unavyochuma ya kupeleka kwenye kituo cha kuuzia chai. Jani hilo unaliweka kati ya vidole na mshiko wa upinde. Unavuta, unalenga, unaachia. Halafu unaniletea jani lako. Likiwa zima, mkono wako ulitulia. Likiwa limepondeka, ulilima. Wengi wenu mmeniletea mboga.

Sasa nije kwa Kwamboka, maana swali lenu lote liko kwake.

Kwamboka alikuja klabuni kwetu Ekerenyo, nilipokuwa nimeshahamishiwa huku, akiwa kidato cha pili. Mwembamba, mkimya, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Kwao wanachuma kabla ya shule, na mgongo wake ulikuwa na nguvu ambazo huwezi kuziona ukimtazama. Ni familia ya Kisabato, hivyo Ijumaa alikuwa akifungasha vitu vyake jua likiwa bado juu, Jumamosi humwoni, na Jumapili nikitoka misa namkuta ameshapanga magunia. Alipiga vizuri tangu mwanzo. Kufikia mwaka wake wa mwisho, nilikuwa sina jipya la kumfundisha ila subira, na hata hiyo alikuwa nayo kunizidi.

Mwaka huo kulitangazwa mchujo wa timu ya taifa ya vijana. Jina lake likakubaliwa. Nilifurahi hadi nikanunua soda kwa klabu nzima. Likizo ilipofika nikampa upinde bora tuliokuwa nao, wenye raiza ya mbao iliyong'arishwa, akaufanyie mazoezi nyumbani.

Aliporudi, mishale yake yote ilikuwa inakwenda kushoto. Nikasahihisha kiwiko chake. Kushoto. Nikasahihisha kidevu, miguu, namna ya kuachia uzi. Kushoto. Siku ya tatu nilichukua upinde niutazame mwenyewe, nikausogeza karibu na uso, nikasikia harufu ya jiko.

"Kwamboka, huu upinde ulikuwa unalala wapi?"

"Jikoni, Madam. Juu ya moto. Baba alisema ni mvua mingi, utaoza."

Wenye nyumba za huku mnaelewa. Ile dari ya fito juu ya meko ndiyo sefu yetu. Mbegu za mahindi zinakaa pale, kuni za kesho zinakaa pale, na moshi unafukuza wadudu na unyevu. Babu wa Baba Kwamboka alikuwa na upinde wake wa kulinda ng'ombe, na aliuweka pale pale maisha yake yote, ukadumu. Baba Kwamboka alimfanyia binti yake jambo la mapenzi. Ila upinde wa babu ulikuwa kijiti kimoja kilichokatwa msituni, na huu wetu ulikuwa vipande vya mbao vilivyogundishwa kwa gundi ya kiwandani. Joto liliachanisha gundi, na raiza ikajipinda. Niliulaza juu ya meza, nikatazama kutoka ncha hadi ncha. Uzi unatakiwa kupita katikati ya mabawa yote mawili na katikati ya raiza, mstari mmoja. Huu ulipita katikati ya bawa la juu na pembeni kabisa mwa la chini.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikakumbuka mchujo, nikaacha kucheka.

Tulikuwa na raiza moja tu ya chuma iliyobaki, nyeusi, ya bei ya chini, ambayo ilikuwa ikipiga kelele kila mshale unapotoka kama sahani iliyoangushwa. Nikafunga mabawa mazuri juu yake, nikazungushia mshiko utepe mweupe wa kitambaa, nikampa. Mshiko wake ulikuwa na umbo jingine, basi Kwamboka akarudia kushika kama jembe. Tukaanza majani upya. Kila jioni alikuwa akiniletea mboga, mtu ambaye mwaka mzima alikuwa akiniletea majani mazima.

Hapo ndipo Brayo alipotia mdomo. Brayo mnamjua, siku hizi ana duka la simu pale Kebirigo, lakini wakati huo alikuwa kijana wa klabu aliyemaliza video zote za upinde duniani. "Madam, na heshima," akasema, "huyu dem ni moto, lakini mnampea kitu ya jua kali. Wasee wa Nairobi wako na machuma ya ukweli. Na hii kelele yote ataqualify aje?" Hakuishia hapo. Alimtumia Baba Kwamboka picha ya raiza moja ya hali ya juu, pamoja na bei.

Jioni moja Baba Kwamboka akaja kwangu. Alisimama mlangoni na gambuti zake, kofia mkononi, akakataa kiti.

"Mwalimu, mimi ndio nilichoma kitu ya shule."

"Haikuchomeka, Baba Kwamboka. Ilijipinda tu."

"Ni hiyo hiyo. Mtoto amefika mahali hakuna mtu wa kwetu amefika, halafu ni mimi nimemwangusha. Nimeona ile ingine kwa simu. Nitauza mtamba."

Niliujua ule mtamba, ng'ombe ambaye hajazaa bado. Ng'ombe wake mkubwa alikuwa amezeeka, maziwa yanakauka, na nyumbani kulikuwa na watoto wadogo. Huyo mtamba ndiye aliyekuwa maziwa ya mwaka unaofuata. Akiuzwa kisha raiza isibadilishe kitu, watoto watakunywa chai ya rangi na Kwamboka atabeba lawama moyoni kila akiwaona. Asipouzwa kisha Kwamboka akaanguka, huyu mzee atajilaumu mpaka kaburini. Na wote walikuwa wakiningoja mimi niseme.

Nawaambieni ukweli, moyoni nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimehubiri miaka yote kwamba vitu vya bei ni mapambo. Nikamwambia, "Usiende sokoni kabla ya Jumapili. Njoo uwanjani uone kwa macho yako." Kisha nikampigia simu Kocha Mutua, nikamwomba aje na raiza yake. Yeye alikuwa nayo ya aina ile ile ya kwenye picha, aliyoinunua kwa kujinyima.

Jumapili ile tulizifunga raiza zote mbili bendeji kutoka kwenye sanduku la huduma ya kwanza, juu hadi chini, mpaka zikafanana na miguu iliyovunjika na ile kelele ya sahani ikamezwa na kitambaa. Ile iliyokuwa nyepesi tukaiongezea bolti ili uzito ulingane. Mabawa tulitumia yale yale, tunayatoa huku tunayafunga kule, maana raiza nyingi siku hizi zina tundu la namna moja na mabawa huingiliana. Hilo mlikumbuke mnaponunua, lisije likawapata kama lilivyompata mwalimu mmoja wa kule Nyamache aliyenunua mabawa yasiyoingia popote.

Mtu anasimama hatua chache tu mbele ya gunia, anafumba macho, anapewa upinde na kupiga. Halafu anasema ni ipi ya bei kali.

Brayo alitangulia, bila kuitwa. Alipiga, akavuta pumzi kama anaonja mchuzi. "Hii hapa! Hii ndio yenyewe. Naifeel mpaka kwa mifupa." Nikafungua bendeji. Ilikuwa ile nyeusi ya klabu. Watu walianguka chini kwa kicheko. Nikamtazama Baba Kwamboka kama kusema, umeona? Nilijisikia vizuri sana wakati ule.

Akaja Kwamboka. Akapiga na ya kwanza. Akapiga na ya pili. Akafumbua macho.

"Hii ya pili inanyamaza haraka," akasema. "Ya kwanza inatetemeka kidogo mkononi, hapa." Akagusa mto wa kidole gumba.

Alikuwa amepata. Mutua akazibadilisha nyuma ya mgongo wake. Akapata tena. Nikajaribu hila, nikampa ile ile mfululizo. "Madam, si hii ni ile ile?" Zoezi nililolipanga ili liniunge mkono lilikuwa limenigeuka mbele ya mzee aliyekuwa amenisikiliza.

Nikasema, sawa, tupige za mbali. Kwamboka akapiga kwenye umbali wa mashindano, karatasi moja ya shabaha kwa raiza hii na nyingine kwa ile. Tukazileta karatasi tukazilaza kwenye nyasi. Mutua alivaa miwani, akainama, akazigeuza. Hakuweza kusema karatasi ipi ni ya raiza gani. Hata mimi sikuweza. Matundu yalikuwa yametawanyika sawasawa.

Baba Kwamboka alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. Akasogea, akauliza swali ambalo mpaka leo naliona bora kuliko yote niliyoulizwa kazini.

"Mwalimu, mshale unajua ulitoka kwa upinde ya bei gani?"

Mabega ya Mutua yakatikisika. "Haujui," nikasema.

"Lakini mtoto anajua."

"Mtoto anajua."

Nikamwachia Mutua aeleze, maana mimi sikujiamini tena. Akaeleza kwa haki kabisa. Alisema raiza nzuri imechongwa ikanyooka, huna haja ya kuipima kila asubuhi. Bolti zake hazilegei. Inakuwezesha kusogeza bawa kidogo sana mpaka likae katikati, na likikaa linabaki. Mshale ukitoka mtikisiko unaisha upesi, na siku ya mchujo ni ndefu, jioni mkono wenye kutetemeshwa kidogo kidogo huchoka mapema. "Haitamwongezea alama leo," akasema. "Labda itamzuia asizipoteze jioni. Labda."

Baba Kwamboka akavaa kofia yake. "Basi nauza," akasema. "Kama ni labda, mimi nachukua hiyo labda."

Nilikuwa nimemwita ili nimzuie, na sasa yeye na ng'ombe wake walikuwa njiani kwenda sokoni.

"Tata, usiuze."

Ni Kwamboka. Hakuwa mtoto wa kuingilia maneno.

"Hii ni maneno ya watu wazima," baba yake akasema.

"Tata, nisikize tu. Hii ya klabu inapiga kelele, lakini kelele yake nimeizoea. Haiendi mahali. Kile kinaniangusha ni mishale. Madam, angalieni mishale yangu."

Tukaangalia. Podo lake lilikuwa na mishale ya klabu, ya rangi tofauti, iliyobaki kutoka kwa watu tofauti. Wote tuliijua hivyo, tulikuwa tumeizoea kama mtu anavyozoea vikombe visivyofanana nyumbani. Mutua akaichukua mmoja mmoja, akaukunja kidogo kwa vidole, akauweka upande huu au upande ule. Ilikuwa na ugumu wa namna nyingi. Mshale laini huinama ukitoka na kwenda kwake, mgumu nao kwake. Ndiyo sababu matundu yalitawanyika sawa kwenye karatasi zote mbili. Raiza ya bei ingeweza kutulia kama kanisa, na bado mishale ile ingekwenda kila mmoja na njia yake.

"Seti moja ya mishale inayofanana ni pesa ngapi?" Baba Kwamboka akauliza.

Mutua akamwambia.

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Hiyo ni mbuzi! Mwalimu, hiyo si ng'ombe, hiyo ni mbuzi! Mbuzi nauza kesho, na hata sitamwaga machozi, iko moja inakula mboga ya mama yake kila siku." Akamgeukia binti yake, akamshika kichwa kwa kiganja. "Na hiyo raiza?"

"Nikipita, nitajinunulia mwenyewe," akasema Kwamboka.

Mutua alituchagulia mishale kulingana na urefu wa mkono wake na nguvu ya mabawa yake. Wiki ya kwanza na mishale ile, nilimwona Kwamboka akitembea kwenda kwenye gunia, akasimama, akageuka kunitazama. Yote ilikuwa imebanana mahali pamoja. Nililia kidogo, na siombi msamaha kwa hilo.

Mchujo ulifanywa Jumapili, kwa hiyo Sabato yao haikuguswa. Nilisimama nyuma ya kamba. Kulia kwake na kushoto kwake kulikuwa na raiza za rangi zote, nzuri sana kutazama, na katikati yake ile nyeusi ikipiga sahani zake. Baadhi ya watu waligeuka kutazama. Yeye hakugeuka. Mchana, kabla ya duru moja, nikamwona ameinama akitazama bolti ya bawa la chini. Nilikuwa nimemfundisha kuchora mstari wa rangi ya kucha kuanzia kwenye bolti hadi kwenye raiza, ili bolti ikizunguka hata kidogo mstari ukatike. Ulikuwa umekatika. Akatoa ufunguo wake mfukoni, akakaza mpaka mstari ukaungana, akarudi kwenye nafasi yake. Hapo ndipo raiza ya bei ingemsaidia, nawaambia bila kuficha. Asingehitaji kuinama.

Jioni walisoma majina. Lake lilikuwa la mwisho kati ya waliochukuliwa. Baba yake, niliyempigia simu, aliuliza, "Wa mwisho ni ndani ama nje?" Nikamwambia ni ndani. Akasema, "Mbuya mono, Mwalimu," yaani vizuri sana, kisha nikasikia nguo ikisugua simu, nikajua ameiweka kifuani.

Kwamboka aliajiriwa baadaye, akawa anaichezea timu ya kazini kwake, na kweli, mshahara ulipotulia akanunua ile raiza. Alikuja nayo hapa barazani kunionyesha. Niliishika, nikapiga mishale michache kwenye gunia langu la migomba. Inanyamaza. Inanyamaza vizuri hivi kwamba nilimrudishia haraka nisije nikaipenda, na niliona wivu. Je, ilistahili bei yake? Kwake, ndiyo. Alikuwa ameshaujua ukimya ule kwa mkono wake miaka mingi kabla ya kuulipia.

Kwa hivyo kijana wangu wa Kebirigo, jibu lako ni hili. Anza na mishale inayofanana na inayokufaa. Halafu mabawa unayoweza kuyavuta hata jioni umechoka, si yale ya kumwonyesha Brayo. Mabawa utayabadilisha kadiri unavyokua, lakini raiza utakaa nayo, basi usinunue takataka pia. Tafuta ya kati iliyonyooka, itazame kwenye uzi kabla hujatoa pesa, na uipake rangi ya kucha. Ukiwa na pesa zako mwenyewe na ukafumba macho ukaitambua, nunua ya bei kali kwa amani. Ukiwa huitambui, hiyo ni picha, na picha unaweza kupigwa na ya Kocha Mutua, hatakukataza. Na kama kuna mtu nyumbani anataka kuuza ng'ombe, mwonyeshe kwanza podo lako. Upinde usikae jikoni.

Mtamba yule alizaa. Kule kwao wanamwita Raiza, mpaka daktari wa mifugo anamwita hivyo. Maziwa ya chai ninayokunywa nikiandika haya yametoka kwake, Baba Kwamboka huniletea kila akipita, na kila mara anakataa kiti.

Siku ile aliyokuja kunionyesha raiza yake mpya, Kwamboka aliirudisha na ile ya klabu. Mnaijua. Ni ile nyeusi inayobaki kwenye msumari kila Jumapili nyote mkishachagua, ile mnayomsukumia aliyechelewa. Wiki jana mmoja wenu ameniandikia kwamba utepe wa mshiko wake umeingia uchafu wa kahawia, na kwamba mmechanga mnunue mwingine mweupe. Nawashukuru, lakini uacheni ulivyo. Huo si uchafu. Ni majani yote ya chai aliyoyaponda Kwamboka kabla mkono wake haujatulia.